Kitufe Kisicho na Jina

Kila Jumatatu asubuhi, Mama Pacha aliwasuka wanawe wawili nywele kabla ya kwenda kazini. Hakuwa akiona. Vidole vyake ndivyo vilivyogawa mistari, na mistari ilinyooka.

"Mama, leo umenivuta!" mmoja alilalamika.

"Huyo ni nani? Kulwa au Doto?"

"Doto."

"Basi mwambie mwenzako aache kucheka. Zamu yake inakuja."

Chumba cha mbele, mumewe alikuwa akipiga pasi suruali za wateja. Yeye ni fundi cherehani. Alisikia mabishano hayo akatabasamu peke yake.

Miaka miwili nyuma, Mama Pacha alipoteza kuona kwa sababu ya presha ya macho. Ugonjwa huo ulikuja polepole, bila maumivu. Alipokwenda hospitali, ulikuwa umekwisha kuharibu sehemu kubwa. Alilia siku nyingi. Kisha akajifunza kutembea na fimbo nyeupe, akarudi kazini.

Alikuwa karani katika ofisi ya maji, chumba cha malalamiko. Chumba kilikuwa na meza nne na simu nne. Watu walipiga simu kutwa nzima: bomba limepasuka, maji hayatoki, maji yanatoka machafu. Mama Pacha alipokea simu, akamtajia karani wa meza ya pili maelezo, na mwenzake akaandika kwenye fomu. Kazi ilikwenda vizuri. Miaka kumi na minne kazini ilikuwa imempa ramani ya mabomba yote kichwani.

Siku moja fomu za karatasi zikaondolewa. Ofisi ilinunua mfumo wa kompyuta. Sasa kila karani alitakiwa kuandika malalamiko yake mwenyewe.

"Usiwe na wasiwasi," meneja alimwambia. "Tumekuwekea kisoma skrini. Ni programu inayosoma kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye kompyuta."

Mama Pacha alifurahi. Alivaa hedfoni na kuketi. Kompyuta ikaanza kusema, na haikunyamaza. Tena ilisoma Kiswahili kama mgeni aliyeshuka uwanja wa ndege asubuhi ile. Neno "maji" hakulitambua hata kidogo. Alipobonyeza ili asogee mbele, sauti ilisema, "Kitufe." Akabonyeza tena. "Kitufe." Akabonyeza tena. "Kitufe."

"Kitufe cha nini?" aliuliza kwa hasira.

Wiki nzima ilipita hivyo. Malalamiko aliyoyaandika yalipotea, kwa sababu alibonyeza kufuta akidhani anatuma. Alipiga simu kwa kampuni iliyotengeneza mfumo. Kijana wa huduma kwa wateja alipokea.

"Ni rahisi sana, mama. Bofya kile kitufe cha kijani upande wa kulia."

"Mwanangu, mimi sioni."

"Basi mwombe mtu anayeona akubofyee."

"Kila siku? Kila simu?"

Kijana alimtakia siku njema, akakata simu.

Siku iliyofuata meneja alimwita ofisini. Alizungumza kwa upole, na upole huo ndio uliomuuma zaidi.

"Mama Pacha, tukifika mwisho wa mwezi bila mabadiliko, nitakuhamishia mapokezi. Utakaa mlangoni, uwakaribishe wageni."

"Niwakaribishe tu?"

"Ni kazi pia."

Jioni alimweleza mumewe. "Wananiweka mlangoni kama chungu cha maua. Miaka kumi na minne, Baba Pacha!"

"Hiyo mashine inasemaje kwani?"

"Inaongea kuliko shangazi yako, na haina la maana."

"Basi imemshinda shangazi," mumewe alisema. Walicheka wote wawili. Lakini usingizi ulikuwa mgumu.

Siku mbili baadaye, mteja mmoja aliingia kwa fundi kupunguza suruali. Alishika fimbo nyeupe. Wakati fundi anampima kiuno, simu ya mteja ilitoa sauti ya haraka mno, kama mahindi yanayopasuka kwenye sufuria.

"Ndugu, simu yako imeharibika," fundi alisema.

Mteja alicheka. "Iko salama kabisa. Inanisomea ujumbe. Mke wangu anasema nisisahau sukari."

"Umeelewa maneno yote hayo?"

"Nimezoea. Nafundisha watu wasioona kutumia kompyuta. Mimi mwenyewe sijaona tangu utotoni."

Fundi aliweka futi yake chini. "Mwalimu, suruali hii nitakupunguzia leo hii. Lakini Jumamosi njoo kwangu, uonane na mke wangu."

Jumamosi Mwalimu alikuja na kompyuta yake ya mkononi. Mama Pacha alimweleza yote, toka mwanzo hadi mlangoni.

"Nani alikufundisha kutumia hiki kisoma skrini?" Mwalimu aliuliza.

"Hakuna. Fundi wa kompyuta alikiweka, akaaga."

"Ndiyo hivyo. Mtu akipewa gari bila kufundishwa, akigonga ukuta tunamlaumu yeye. Tuanze na sauti."

Alimwonyesha mahali pa kubadili sauti. Akachagua sauti ya Kiswahili. Mara kompyuta ikasema "maji," nayo yakawa maji.

"Kumbe anajua!" Mama Pacha alipiga makofi.

"Sasa mnyamazishe. Kitufe cha Control, pembeni kabisa, chini kushoto. Bonyeza mara moja."

Alibonyeza. Kimya.

"Siku zote hizo kumbe ningeweza kumfunga mdomo!"

"Wewe ndiye bosi wake. Sasa gusa herufi F na J. Unasikia vinundu viwili vidogo?"

"Nasikia."

"Vidole vyako vya shahada vikae hapo. Ukivirudisha hapo kila mara, hutapotea kwenye kibodi. Kipanya kiache kabisa. Kile ni cha wenye macho."

Kisha Mwalimu alimfundisha jambo lililombadilisha kuliko yote. "Mtu anayeona hasomi ukurasa wote. Anarusha jicho mpaka pale anapotaka. Nawe rusha sikio. Bonyeza herufi H, utaruka kwenye kichwa cha habari kinachofuata. Bonyeza Tab, utaruka kwenye nafasi ya kuandika au kitufe kinachofuata. Usisikilize kila kitu. Sikiliza unachokitaka."

Walifanya mazoezi saa tatu. Walirudia Jumapili. Kila jioni, Mama Pacha alifanya mazoezi tena kwenye kompyuta ambayo Mwalimu alimwazima. Aliongeza kasi ya sauti kidogo kidogo. Doto alikuja, akasikiliza, akakunja uso.

"Mama, huyu anasema nini?"

"Anasema kalale."

Lakini bado kulikuwa na jambo moja. Jumatano Mwalimu alifuatana naye ofisini, akaiwekea kompyuta yake sauti ya Kiswahili, kisha akasikiliza mfumo ule. Mama Pacha alibonyeza Tab. "Kitufe." Tena. "Kitufe." Tena. "Kitufe."

"Hapa sasa kosa si lako," Mwalimu alisema. "Anayeona anaona picha ya bahasha, anajua ni kutuma. Anaona picha ya pipa la taka, anajua ni kufuta. Kisoma skrini hakikisii picha. Kinatafuta jina ambalo mtengenezaji ameliandika nyuma ya picha ile. Huyu hakuandika. Kitufe hakina jina."

"Kwa hiyo hata wewe hungeweza?"

"Hata mimi."

Mama Pacha alivuta pumzi ndefu. Wiki zote hizo alidhani ni akili yake iliyochoka.

"Tuwaandikie," alisema.

"Tuwaandikie vizuri. Ukisema 'mfumo haufanyi kazi,' watakujibu 'kwetu unafanya kazi.' Waeleze mambo manne. Ulikuwa ukurasa gani. Ulibonyeza nini. Sauti ilisema nini. Ulitarajia iseme nini."

Aliandika mwenyewe, kitufe kwa kitufe. Vilikuwa sita. Tena karani wa meza ya pili alimwambia jambo lingine: malalamiko ya haraka yaliwekewa rangi nyekundu tu, bila neno lolote. Nalo akaliandika.

Jibu lilikuja kesho yake: "Ombi lako limepokelewa." Siku tano zikapita bila neno lingine. Zilikuwa zimebaki siku nane mwezi uishe.

Mama Pacha alikwenda kwa meneja. Safari hii hakuketi.

"Bosi, naomba dakika tano kwenye meza yangu."

Meneja alimfuata. Mama Pacha alimvalisha hedfoni, kisha akazima skrini.

"Mteja anasema bomba limepasuka mbele ya shule. Andika, halafu tuma."

Meneja aliandika. Alibonyeza Tab. Akabonyeza tena. Uso wake ulibadilika.

"Kinasema kitufe, kitufe, kitufe. Nitajuaje kipi ni cha kutuma?"

"Ndilo swali langu la wiki tatu, bosi."

Makarani wengine walikuwa wameacha kuandika. Meneja alivua hedfoni taratibu. "Nilidhani tumekusaidia," alisema. "Nisamehe, Mama Pacha."

Alipiga simu kwenye kampuni palepale, akataka azungumze na mtu anayeandika mfumo wenyewe. Alikuja kwenye simu mtaalamu mwanamke. Mama Pacha alimsomea vitufe vyote sita.

"Maelezo yako ni safi kabisa," mtaalamu alisema. "Kuviandikia majina ni kazi ya siku moja. Naona aibu hatukufanya mwanzoni."

"Na ile rangi nyekundu?"

"Tutaweka neno 'Haraka' kando yake."

Jumatatu iliyofuata Mama Pacha alivaa hedfoni, akabonyeza Tab.

"Kitufe, tuma," sauti ilisema. "Kitufe, hifadhi. Kitufe, futa."

Alicheka kwa sauti hadi mteja kwenye simu akauliza kuna nini. "Hakuna kitu, kaka. Niambie, bomba lako liko wapi?"

Siku ile alituma malalamiko thelathini na moja. Hakuna lililopotea. Habari ya mlangoni haikutajwa tena.

Miezi miwili baadaye, saa nne asubuhi, mama mmoja alipiga simu. "Maji yangu yananuka mafuta ya taa."

Mama Pacha aliandika. Lakini badala ya kutuma na kuendelea, alifungua kisanduku cha kutafuta, akaandika neno "mafuta." Sauti ilikimbia masikioni mwake kwa kasi ambayo wenzake hawakuweza kuifuata. Malalamiko manne mengine yalitajwa, yote ya tangu asubuhi. Yalikuwa yamepokelewa meza tatu tofauti, mitaa minne tofauti. Kila karani aliona lake moja au mawili, akadhani ni tatizo la nyumba hizo tu.

Mama Pacha aliifikiria mitaa ile. Yote ilinyweshwa na bomba moja, lile linalopita nyuma ya kituo cha zamani cha mafuta.

Alisimama. "Bosi! Funga bomba la kituo cha zamani. Sasa hivi!"

"Una hakika?"

"Nyumba tano, harufu moja, bomba moja. Funga kwanza, uniulize baadaye."

Meneja aliwapigia simu mafundi palepale. Mafundi walifunga maji ndani ya dakika ishirini. Gari la matangazo lilizunguka mitaa ile na kuwaambia watu wasinywe wala wasipikie maji ya bomba. Mafundi walipochimba, walikuta bomba limepasuka kando ya tangi la mafuta lililosahauliwa chini ya ardhi, nalo linavuja. Hakuna aliyelazwa hospitali.

Meneja alirudi jioni, viatu vimejaa udongo. Aliingia chumba cha malalamiko, akamshika Mama Pacha mkono.

"Watu elfu tatu wanakunywa maji ya bomba lile," alisema. Meza zote nne zilipiga makofi, na simu zikalia bila mtu wa kuzipokea.

Nyumbani, mumewe alitangaza habari hiyo kwa kila aliyeleta nguo, hata aliyeleta kifungo kimoja tu.

Kampuni ya mfumo nayo ilibadilika. Ilimwomba Mwalimu awafundishe vijana wa huduma kwa wateja. Siku ya kwanza aliwazimia skrini zote, akawaambia wafanye kazi. Tangu siku hiyo, hakuna tena mteja aliyeambiwa abofye kitufe cha kijani.

Na ofisi ya maji ilipotafuta karani mpya, meneja aliongeza mstari kwenye tangazo: wasioona wanakaribishwa, mafunzo yapo. Alikuja mwanamume mmoja aliyekuwa dereva wa lori. Alikuwa amekaa nyumbani miaka sita tangu ajali iliyompofusha. Mama Pacha alikaa naye wiki tatu, vidole vya dereva juu ya F na J, sauti kwanza polepole, kisha haraka.

Asubuhi ya kwanza ya wiki ya nne, simu ya meza yake ililia. Dereva aligeuka upande wa Mama Pacha. "Nipokee?"

"Ni yako hiyo."

Aliinua simu. "Ofisi ya maji. Nikusaidie nini?"

Mama Pacha alisikia vidole vyake vikianza kuandika, tak-tak-tak, bila kusita. Alichukua fimbo yake, akatoka kwenda kunywa chai.