Matangazo Matano Chini ya Godoro

Nikitoka shule hupitia ofisi ya ushirika wa kakao, hapa Makwale, kumsalimia katibu wake, Mama Naomi. Siku hiyo alinikabidhi matangazo matano.

"Atupele, tunatafuta mtu wa kuvundika kakao. Bandika haya kanisani, mashineni, gulioni, zahanati na ofisi ya kata. Huwezi kujua mfanyakazi mzuri anakaa wapi."

Kazi hiyo! Dada yangu Felista alimaliza kidato cha nne miaka miwili iliyopita, na kakao ya nyumbani huivundika yeye. Nikawaza, wakijua wengi si watamzidi? Nikamwambia yeye tu, matangazo nikayaficha chini ya godoro. Eti mjanja!

Ijumaa, siku ya usaili, dada alivaa gauni lake la kanisani akaenda. Nusu saa haikupita, akarudi analia.

"Nilikuwa peke yangu," alisema. "Kamati haiwezi kuchagua bila kulinganisha. Wanataka kuleta mtu kutoka Mbeya."

Jamani! Nikachomoa matangazo, nikakimbilia ofisini, nikamweleza Mama Naomi yote.

"Umekosa, tena sana," alisema. "Lakini umekuja mwenyewe. Nitaiomba kamati isubiri hadi Jumatano. Haya, badilisha tarehe, kabandike! Jumapili mchungaji naye atatangaza."

Jumatano walifika watu kumi na tisa, dada akiwemo, wengine kutoka Ikolo na Njisi. Kila mmoja alioneshwa sanduku la kakao lililofunikwa majani ya mgomba, aseme ina shida gani. Wengi walisema iko sawa. Dada alifunua majani, akazamisha mkono hadi kwenye kiwiko, akanusa.

"Juu ina joto, chini ni baridi. Haikugeuzwa hii."

Mwenyekiti alicheka. "Kweli kabisa! Tumeiacha makusudi."

Dada akapata kazi! Mama yetu, aliyekuwa akisubiri nje ya ofisi, alipiga vigelegele hadi wateja wa duka la jirani wakatoka nje. Wale kumi na wanane wakaja mmoja mmoja kumpa dada mkono, naye akijibu, "Ndaga fijo, asanteni sana."

Mama Naomi aliniinamia. "Waone wanavyompongeza. Nafasi ya kazi hutangazwa kwa wote ili atakayeipata asinyooshewe kidole. Ungeendelea kuficha, Atupele, ungemnyima dada yako mikono yote hiyo."