Mzimu Usiojua Utani

Kwa Khalfan, pale Hopkins, ughaibuni, hakukuvutwa hata sigara, lakini tangu Jumapili koti lake lililoning'inia mlangoni lilinuka tumbaku ya kiko.

Edson alilinusa, akakunja pua. Alikuwa na master's ya uchumi huyu, na kazi yake, kwa miezi minane sasa, ilikuwa kulinda sofa la rafiki yake lisiibwe. Adhuhuri hiyo posta ilimletea barua ya kumi na moja, kutoka ofisi moja ya Plymouth, sahihi ya meneja Larson: overqualified.

"Yaani nimesoma mpaka nimekuwa kosa!"

Khalfan hakumsikia. Alikuwa akiifuta bastola yake ya nne, kadogo ka risasi tano, aliyoinunua Jumapili huko Lakeville, kwenye mnada wa vitu vya marehemu. Alikusanya za aina hiyo tu, zenye nyundo iliyofichwa ndani ya chuma.

"Haina cha kunasa mfukoni, unaona? Na huku nyuma ya mpini kuna kibati. Kiganja kisipokibana, haifyatuki. Bila mkono ni chuma tu."

"Mwenyewe nani?"

"Mzee mmoja. Binti yake kasema aliibeba mfukoni miaka arobaini, akimsubiri mtu aliyemdhulumu. Kafa hajamwona."

Akaitia mfukoni mwa koti, tupu. Risasi zilikaa jikoni, kwenye kopo la biskuti.

"Basi ukifa, Mzaramo wewe," Edson akasema, "koti langu, bastola yangu, na matangani nakula wa kwanza."

Mfukoni mwa koti kitu kikalia: ta.

Walicheka. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za mababu. Wasipozikana kwa maneno watazungumza nini? Lakini jioni Khalfan alipoitoa bastola, aliikuta na risasi moja.

"Umeitia wewe?"

"Mimi? Kopo lako nafungua kwa ajili ya biskuti, na biskuti hamna."

Kesho yake Edson akaapa kumzika kifudifudi. Ta. Siku ya nne risasi zilikuwa nne, zina joto kama mayai yaliyotagwa sasa hivi.

"Nyamaza, ndugu yangu," Khalfan akanong'ona. "Huyu marehemu wa Kizungu hajui utani. Kila unachosema anakiamini."

Wakalitupa koti pipani; waliporudi ndani lilikuwa kwenye msumari wake. Wakaanza kuogopana kwa adabu, tafadhali bwana, asante bwana, kama watu wasiojuana waliokutana msibani, huku harufu ya kiko ikizidi kunenepa, na mabega ya koti yakijaa kidogo kidogo kama yamepata mvaaji, na mkono wa kulia ukimgeukia Khalfan popote alipokaa, hata Ayatul Kursi aliyoijua tangu utotoni ikampotea, na theluji nje ya dirisha ikaendelea kuanguka kama vile hakuna kitu. Kisha mkono ule ukainuka, ukamlenga kifuani.

Edson akaruka katikati. "Mister, please! I was joking. Huyu ni mtani wangu!"

Sauti kavu ikatoka kwenye kola. "Then who?"

"Usijibu," Khalfan akalia. "Sema hakuna mtu. Wallahi, Edson, sema hakuna!"

Angeweza kusema hakuna. Barua ilikuwa mezani, imekunjwa vizuri.

"Larson," akasema taratibu, kama mtu aliyeulizwa kwenye usaili swali ambalo, hatimaye, analijua. "Plymouth."

Safari hii hakutania.

Koti likanywea. Mfukoni bastola haikuwamo. Usiku huo Edson alilala fofofo, kwa mara ya kwanza tangu majira ya joto.

Asubuhi simu ikalia. Mama mmoja wa ofisi ya Plymouth, sauti imekauka kwa kulia: Bwana Larson hatunaye tena, tangu jana usiku. Nafasi yake iko wazi. Je, bado unatafuta kazi?

Edson akahamishia simu mkono wa kushoto aandike saa ya kufika. Kiganja cha kulia kilikuwa na alama nyekundu, vimraba vidogo vidogo vya mpini, vimezama nyamani. Vidole vilinuka tumbaku.

Khalfan alisimama kando ya koti, mkono mfukoni.

"Imerudi," akasema. "Zimebaki tatu."

Akainamisha kichwa mbele ya mtani wake.

"Hongera, bwana."