Swali Lisilo na Jina

Jumamosi ile viti vya Maktaba ya Historia vilikwisha kabla mhadhara haujaanza. Watu walijaa hadi ngazini: makarani, walimu, wazee wa mtaa wa Shela waliotoka moja kwa moja sala ya alasiri na kofia zao za vito zilizodariziwa, wanafunzi wa sekondari waliokuja kwa kuwa waliamrishwa. Mji wa Malindi ulikuwa na joto la kunatisha shati mgongoni, na pangaboi la ukumbini lilizunguka kama lililochoka.

Mlangoni, nyuma ya meza yenye daftari la mahudhurio, alikaa Jedida Dena. Alivaa gauni jepesi la buluu lenye kola nyeupe, ametoka chuo mwaka uliotangulia, na sauti yake ilikuwa ndogo hata kila aliyeingia ilibidi ainame kidogo amsikie.

Aliyeinama safari hii alikuwa kijana mrefu, suti ya kahawia, viatu vya vumbi.

"Jina na mahali pa kazi, tafadhali."

"Gerishom Ochola. Mwalimu wa historia, hapo sekondari." Akaangaza macho ukumbini. "Sasa mimi nitakaa wapi?"

"Viti vimekwisha."

"Na hicho umekalia?"

"Hiki ni cha kazi."

"Hata mimi nimekuja kazi, dada. Nimekuja kusikia mambo ya Bunge."

Jedida hakujua alivyoinuka. Alikisukuma kile kiti kwake, kijana akakikataa, akakirudisha, naye akakisukuma tena, mwisho wote wawili wakasimama saa nzima na nusu huku kiti kikikaa bure katikati yao.

"Nyinyi watu wa pwani mna ukarimu wa kuaibisha mtu," Gerishom alinong'ona.

"Mimi ni wa Rabai. Sisi tukitoa kiti twataka kirudishwe."

Akacheka, akasahau alipo, mpaka Mzee Badawi, mkuu wa maktaba, akamtupia jicho juu ya miwani yake.

Mihadhara ile ilikuwa ya wazi kwa kila mtu, kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Ilizungumzia siasa, katiba, utawala, ulinzi wa taifa. Ilikuwa mwaka wa 1984, miaka miwili tangu jaribio lile la mapinduzi, na hakuna mkutano uliofanyika pasipo kibali. Kibali cha maktaba kilikuwa na masharti yake. Maswali hayakuulizwa kwa mdomo; mtu aliandika kwenye karatasi, akatia jina lake na kazi yake, karatasi zikapelekwa mbele, Mzee Badawi akasoma swali bila kutaja mwenyewe. Jumatatu Jedida alipiga taipu ripoti pamoja na maswali na majina ya waulizaji, nakala tatu kwa kaboni: moja ya jalada, moja ya mhadhiri, moja ya ofisi iliyotoa kibali. Swali lisilo na jina halikuingizwa.

"Yaani nikisahau jina, swali langu linakufa?" Gerishom alimuuliza siku moja, wakitembea polepole kutoka maktaba.

"Linasomwa, watu wanasikia, halafu linakwenda kwenye pipa la taka."

"Maskini swali."

"Basi usisahau."

Kufikia wakati huo walikuwa wamezoeana. Gerishom hakuwa na simu, lakini Posta ilikuwa nayo, na kila Jumatano saa nne, wakati wa mapumziko ya shule, simu ya maktaba ililia.

"Maktaba ya Historia, hujambo."

"Sijambo. Natafuta kitabu."

"Kipi?"

"Kinachoeleza kwa nini msichana wa Rabai hajibu barua."

"Kimeazimwa."

"Na nani?"

"Na msichana mwenyewe. Bado anasoma."

Alizisoma kweli. Barua zile alizihifadhi ndani ya foronya, na mwandiko wa Gerishom aliujua kama anavyoujua uso wake kiooni: herufi zilizolala upande mmoja kama zinapigwa na upepo, na g yenye mkia uliopinda kama ndoana.

Mwezi wa Septemba, wameketi kwenye ukuta wa bahari wakila viazi vya karai, Gerishom aliifuta pilipili mdomoni akasema, "Disemba shule zikifungwa nitakuja Rabai kumwona mzee Dena. Nitavaa tai."

Jedida alitazama kiazi chake.

"Babangu ni katekista. Atakuuliza Biblia kabla hajakupa maji."

"Na wewe utaniuliza nini?"

"Mimi nilishauliza."

"Lini? Mbona sikusikia?"

"Mimi huuliza kimoyomoyo. Ukajibu vizuri."

Gerishom, mtu wa maneno siku zote, aliweka kiazi chake ukutani. Akamshika kidole kimoja tu, cha mwisho, akakaa nacho mpaka viazi vikapoa.

Oktoba akaja Meja Kiponda, mwanajeshi mstaafu, mtu mnene mwenye sauti ya kufurahisha, kuzungumzia ulinzi wa taifa na wajibu wa raia. Alisema vizuri. Alieleza mipaka, bahari, wavuvi wanaoona meli ngeni kabla ya serikali kuiona. Kisha zikaja karatasi. Mzee Badawi alisoma ya kwanza, ya pili, na ya tatu akaisoma kwa sauti ileile ya utulivu:

"Ngome za zamani ziliweza kuelekeza mizinga baharini, kwa adui, au mjini, kwa wenyeji. Ulinzi wetu wa leo umeelekea upande gani?"

Pangaboi lilisikika likizunguka. Watu wawili wa safu ya mbele waligeuza shingo, wakaangalia nyuso moja moja. Meja akacheka kidogo, akasema mlinzi mwema hutazama pande zote, na makofi yakapigwa. Ila kila mtu alijua yalipigiwa swali, si jibu. Gerishom alikuwa akitazama viatu vyake.

Jumatatu asubuhi Jedida aliketi mbele ya mashine. Alipoifikia karatasi ya tatu alitabasamu peke yake. Herufi zilizolala. G yenye ndoana. Chini yake, mahali pa jina, hapana kitu.

Amesahau, alijisemea. Ndivyo alivyo, mwavuli wake umeshabaki kila ofisi ya mji huu.

Alijua sharti. Angeikunja ile karatasi na kuitupa, na swali bora kuliko yote yaliyowahi kuulizwa ukumbini mle lingepotea, na ripoti ingebaki na maswali ya watu waliotaka kujua mshahara wa koplo. Alifikiri juu ya miaka ijayo, mtoto wa mtu akifungua jalada lile, akilisoma, akiona limeulizwa na nani. Hakumfikiria mtu mwingine yeyote atakayelisoma kabla ya mtoto huyo. Vidole vyake vikapiga: Bw. Gerishom Ochola, mwalimu wa historia. Nakala tatu.

Mzee Badawi alitia sahihi bila kusoma, kama kawaida yake, kwa kuwa kazi ya Jedida haikuwa na makosa. Jedida hakumwambia Gerishom. Alitaka amwonyeshe ile nakala ya jalada mwenyewe, Disemba, kabla hawajapanda basi la Rabai.

Wiki ya tatu simu ililia siku ya Ijumaa.

"Jedi."

"Mbona leo? Na sauti hiyo?"

"Nimesimamishwa kazi."

Akaeleza kwa haraka, kwani sarafu zilikuwa zinakwisha. Ameitwa mbele ya mabwana watatu, amewekewa mezani karatasi ya taipu, swali lake na jina lake chini yake. Ameulizwa nani alimtuma. Amesema hakutumwa. Wameandika hilo pia.

"Sikutia jina, Jedi. Nilikuwa na akili zangu. Ni huyo mzee wako, yeye ndiye aliyeishika ile karatasi, na mwandiko wangu anaujua, nimemjazia fomu za kuazima vitabu mwaka mzima." Akahema. "Jedi, uko?"

"Niko."

"Sema kitu basi."

Lilikuwapo la kusema. Jedida aliuzungusha waya wa simu kidoleni.

"Pole," alisema Jedida, na simu ikakatika.

Kwa siku tano alibeba neno lile nyumbani na kazini. Aliandika barua nne akazichana. Alikwenda mpaka mlango wa chumba cha Gerishom mara mbili, akarudi mara mbili, akijiambia kesho. Siku ya tano, Jumatano, Posta ilileta barua kwa Mzee Badawi, na Jedida aliujua mwandiko kabla bahasha haijatua mezani.

Mzee aliisoma amesimama. Kisha akavua miwani.

"Kijana wako ameniandikia. Asema nimemuuza. Asema alinisalimu shikamoo mwaka mzima, kumbe alikuwa anamsalimu mchuuzi wa watu."

"Mzee, mimi ndiye..."

"Najua, mwanangu. Mashine ni moja humu ndani, na mimi siijui hata pa kuanzia."

Jedida aliinuka kitini.

"Tangu lini wajua?"

"Tangu niliposikia amesimamishwa. Nilifungua jalada."

"Na hukuniambia neno."

"Nikwambie nini? Sahihi ni yangu. Kama ningesoma, ningelifuta hilo jina. Na mimi ni mtu mzima, kijana mmoja akinichukia nitakula na nitalala. Wewe je?" Akaikunja barua, akaitia mfukoni mwa kanzu, polepole, kama mtu anayeficha kitu cha kukata. "Asema kesho achukua barua yake ya kufukuzwa kazi, ofisini Kilifi, saa tano, kisha aenda zake kwao. Kazi za kesho si nyingi hapa."

Asubuhi ya Alhamisi Jedida alishuka Kilifi mapema. Wakati huo hapakuwa na daraja. Aliyetaka kwenda Mombasa alivuka kwa kivuko, basi likaingia tupu na abiria wakalifuata kwa miguu. Gerishom alikuwa kwenye foleni, suti ileile ya kahawia, sanduku miguuni, wauza korosho wakimzunguka bila kuonwa. Alipomwona Jedida uso wake ulifunguka wote kwa mara moja, na hilo ndilo lililomwumiza zaidi.

"Umekuja kuniaga. Ningekuandikia nikifika, Jedi, wallahi, nyinyi watu wa pwani mmenifundisha mpaka viapo. Nikipata hata shule ya kanisa, Disemba iko palepale."

"Si Mzee Badawi."

"Usimtetee."

"Ni mimi." Sauti ilikuwa ndogo, lakini Gerishom hakuinama kumsikia, alikuwa amesikia. "Niliujua mwandiko. Nilidhani umesahau. Sikutaka swali lako litupwe."

Gerishom alilisogeza sanduku lake pembeni. Foleni ikasogea, watu wakawapita.

"Wewe mwenyewe uliniambia," alisema. "Lisilo na jina haliandikwi. Nikaona basi, hapa mtu anaweza kusema mara moja akawa salama. Nilitegemea hilo. Nilikutegemea wewe."

"Nilijivunia wewe."

"Najua."

"Na siku uliyopiga simu nilitaka kusema, nikaogopa."

"Na mimi nikamtukana mzee wa watu." Akajipangusa uso kwa kiganja. "Mwombee msamaha kwa niaba yangu. Mwambie nitamwandikia nikipata cha kuandika."

"Mwambie mwenyewe. Turudi. Nitakwenda ofisini, nitasema jina nililiweka mimi."

"Wataniuliza kama swali ni langu. Nitasema ni langu. Sitalikana, Jedi, hata kwa ajili yako."

Honi ya kivuko ikalia. Basi likaanza kuteremka.

"Una hasira na mimi?" Jedida aliuliza.

"Ningekuwa nayo ingekuwa afadhali. Hasira hupita." Aliinua sanduku. "Mimi ni mtu wa kusema, unanijua. Nasema mezani, nasema kitandani nikiwa usingizini. Kila nikifikiria nyumba yetu sasa, najiona nimekaa mezani nina neno, halafu namtazama kwanza mke wangu, nipime. Sitaki kuishi hivyo. Na wewe sitaki uishi ukijua nakupima."

"Utasahau."

"Labda. Nikisahau nitakuja Rabai."

Alisema kwa upole, kama alivyosema na wanafunzi waliofeli wakitaka kujua kama kuna mtihani mwingine, na Jedida akalijua jibu. Alitembea naye hata hivyo, hatua kwa hatua, mpaka mahali saruji inapokutana na chuma na maji yanaonekana katikati. Gerishom alivuka ule mwanya. Jedida akasimama ukingoni, mguu mmoja mbele.

Mfanyakazi wa kivuko, mwenye mnyororo mkononi, alimwangalia.

"Dada, wavuka au huvuki?"

Jedida alimtazama Gerishom. Alimwona akifungua mdomo, na akamwona akiufunga, akapima, na kunyamaza.

"Sivuki," alisema Jedida, na kwa mara ya kwanza maishani mwake sauti yake ilisikika mbali.