Kaburi la Bwana Faraji

Zama zile, kabla Mreno hajatia nanga mwambao huu, mji wa Kitamboni ulizungukwa na ukuta wa mawe, na nyumba kubwa kuliko zote ndani yake ilikuwa ya Bwana Zahidi, tajiri wa pembe za ndovu na hariri. Alikuwa na milango ya nakshi, sahani za Kichina zilizopachikwa kutani, na mabinti sita wenye afya na akili. Hao sita hakuwatia hesabuni. Akiulizwa habari za watoto, hujibu, "Mungu hajanijaalia bado," nao wamesimama pale pale wakimpepea.

Mkubwa wao, Saada, alifundishwa upinde na baba yake mdogo, na kuandika na mama yake, Mwana Tufaa. Alipotimiza miaka kumi na miwili alikwisha kumjua baba yake vilivyo, na hakuona cha kuheshimu pale isipokuwa kilemba.

Mwaka huo Bwana Zahidi alikwenda pango la Kidoto, kwenye jini ambalo waungwana wa mji walilikana hadharani na kulizuru kwa siri. Akachinja fahali mweusi. Saada ndiye aliyeshika chetezo cha udi.

"Una mabinti sita," sauti ikasema kutoka ndani. "Umefuata nini tena?"

"Mwanamume."

"Wa kufanya nini?"

"Wa kubeba jina langu."

Jini likacheka. "Hilo ni jepesi. Nitakupa wa kubeba jina."

"Baba, liulize lina maana gani," Saada akanong'ona.

"Nyamaza! Haya ni mambo ya wanaume."

Faraji akazaliwa kabla mwaka haujaisha, na ngoma zikalia siku arobaini. Alikuwa mzuri wa sura. Lakini alipoanza kutembea hakuacha nyayo mchangani. Alipopanda kitandani, kamba hazikulia. Sahani yake ilirudi jikoni imejaa, na Mwana Tufaa alipompakata alisikia joto mapajani, uzito asiusikie. Mama akalia. Baba akasema watu wa nasaba hawakanyagi ardhi kwa kishindo kama wachukuzi, na malenga waliokula kwake wakaitikia kwamba ndivyo.

Faraji alipofika miaka ishirini, jeshi la mji wa Ndovumbili likauzingira Kitamboni. Mwezi mzima Saada alikuwa juu ya ukuta na wapiga upinde, huku watu wakichemsha ngozi wapate mchuzi. Hatimaye ikaamuliwa watoke wapigane, na Bwana Zahidi akaagiza Faraji atangulie.

"Baba, huyu hawezi kuinua jambia. Umemwona kwa macho yako."

"Jina langu litatoka langoni mbele ya jeshi. Halitatoka limejitanda ushungi."

Faraji, amevikwa joho la dhahabu na kufungwa jambia kiunoni, alimgeukia Saada. "Dada, nikitoka nitarudi?"

Saada akamkaza jambia kiunoni. Dharau yake yote alikuwa amemwekea baba. Huyu alimwonea huruma tu.

"Kaa karibu nami," akamwambia.

Siwa ikapulizwa, lango likafunguliwa. Mshale wa kwanza ukampata Faraji kifuani. Hapakuwa na damu wala ukelele. Joho likaporomoka tupu, kilemba kikaanguka juu yake, na jambia likagonga jiwe. Kisha kicheko kile cha pangoni kikapita juu ya uwanja, majeshi yote mawili yakakisikia.

Maadui wakaganda. Saada hakuganda. "Wapigeni!" akapaza sauti, na mshale wake ukamwangusha jemadari wa Ndovumbili kabla hajageuka. Kufikia alasiri waliosalia walikuwa wanavuka mto kwa kuogelea. Muda wote huo Bwana Zahidi alikuwa amepiga magoti langoni, akikunja joho.

Akalizika. Akajenga kuba juu yake, akaamuru yachongwe kwenye jiwe maneno haya: *Hapa amelala Bwana Faraji, aliyeuokoa mji.*

"Umezika nguo," Saada akamwambia mbele ya wazee.

"Nimemzika mwanangu."

"Mji mzima uliona nani alipigana."

"Mji utasema nitakachoulisha useme."

Saada akawatazama wale wazee mmoja mmoja. Walikuwa wakichunguza makubadhi yao. Ndipo alipomchukua mama yake, dada zake watano, na wapiga upinde waliobaki na haya kidogo, akatoka Kitamboni asirudi tena. Inasemekana walilima ng'ambo ya mto na kuishi vizuri. Tarehe ya mji, ile historia iliyoandikwa, haina habari zao. Ina kurasa tatu za ushujaa wa Faraji.

Bwana Zahidi alikufa peke yake, na nyumba yake sasa ni kichaka. Kuba bado limesimama. Wake za matajiri hufika pale na udi na maji ya waridi, wakainama juu ya lile joho lililooza, na kumwomba shujaa awape watoto wa kiume wanaofanana naye.