Jiwe la Shimo la Choo

Saa nne na nusu asubuhi.

Chumba cha nyuma ya bucha kilinuka matumbo. Nzi kazama kwenye chai ya Nahashon. Nahashon akamtoa kwa kidole, akanywa.

"Nyumba iko Shella. Mtaalamu wa mawe anatoka saa sita kumpokea mgeni uwanja wa ndege. Fridah, sema."

Fridah alifagia nyumba ile miezi minne. "Stoo ina visanduku mia na ushei. Twataka kimoja tu. Jiwe halijaonekana kwengine duniani, mtaalamu ndo kwanza kalipa jina."

"Jina gani?"

"Mie nilikuwa nafagia. Sikualikwa ubatizo."

"Mlinzi atatwambia," Nahashon alisema.

Chengo, dereva, akainua uso. Mlinzi ni Mzee Ngowa, mjomba wake. Mzee ndiye aliyelitoa jiwe lenyewe shambani kwake, akichimba shimo la choo, mtaalamu akamshukuru kwa kumpa kazi ya getini. Siri yote kaileta Chengo.

"Tulikubaliana," alisema. "Mjomba haguswi. Mumfunge mikono, basi."

"We kijana, mimi nimeoa Ganze. Kigiriama nakijua. Nitaongea naye kama mkwe."

Nahashon akacheka. Ufizi ulikuwa mweusi kwa ugoro. Chengo akatazama pembeni.

Saa sita na dakika ishirini.

Gari likasimama chini ya ukuta. Nahashon na Fridah wakaingia na vitambaa usoni, Nahashon na nondo ya chuma mkononi. Chengo akabaki kwenye usukani, mjomba asimwone. Dirisha la stoo, walikomwingiza mzee, lilikuwa wazi. Kila kitu alikisikia.

"Shikamoo mzee. Lala chini. Lile jiwe lako, kisanduku chake kimeandikwaje?"

"Simanya."

"Hujui?"

"Simanya, mwanangu! Simanya!"

"Wanifanya mjinga, eh?"

Nondo ikalia. Mara moja. Mara ya pili sauti ilikuwa ya majimaji.

Chengo akaruka nje.

Mzee alilala kifudifudi, mikono nyuma, sikio limejaa damu. Fridah alikuwa anapekua visanduku. Akasimama ghafla. Akasoma lebo polepole.

"Simanyaiti. Jina latokana na neno la wenyeji."

Chengo akaelewa. Mtaalamu alimuuliza mzee jiwe hili mwaliitaje. Mzee akajibu kwa kwao: simanya, sijui. Mtaalamu akaliandika, akalibandika "-aiti" ya majina ya mawe.

"Alikwambia," Chengo alisema. "Mara tatu alikwambia."

Nahashon akaitazama lebo. Akapasuka kicheko, mate yakamrukia mzee mgongoni. "Sasa si angesema vizuri!"

Fridah akaenda kutapika kwenye ndoo.

Saa saba kasoro dakika kumi.

Chengo alimbeba mjomba hadi kiti cha nyuma. Nahashon akapanda mbele, jiwe mapajani. Lilikuwa la kijivu, dogo kama kokwa ya embe.

"Mtupe huyo. Twende Ngomeni, mnunuzi angoja."

Chengo akawasha gari. Fridah aliachwa getini, hakuna aliyemwita.

"Ngomeni sio huku! Chengo! Waenda wapi?"

Bastola ya Nahashon ikamgusa ubavuni.

"Piga," Chengo alisema. "Tubingirike sote."

Akaingia geti la hospitali honi imekwama. Askari wawili waliomleta mahabusu wakainuka kwenye benchi. Nahashon akafungua mlango, akakimbia. Hakufika mbali, alilikumbatia jiwe kama mtoto mchanga.

Muuguzi akavuta kitanda. "Huyu ni nani wako?"

"Mjomba."

"Nani kamfanya hivi?"

Askari mmoja alikuwa ashatoa pingu. Chengo akamtazama.

"Nyumba niliwaonyesha mimi," alisema. "Nisubiri, afande. Nimshike miguu, tumpandishe kwanza."