Nafasi Katikati ya Maharusi

Jua lilikuwa linazama Mpiga Picha alipobisha hodi kwa shangazi wa bwana harusi, albamu zake zikiwa kwapani. Ilikuwa safari ya kawaida tu. Hakuwahi kupiga harusi ya mtu kabla ya kuwaonyesha wenyewe namna za picha, wakachagua. Lakini safari hii moyo wake ulikuwa juu juu kidogo. Bibi harusi wa kesho alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. Mama yao alifariki yule mtoto akiwa bado anatambaa, na yeye ndiye aliyembeba, akamlisha, akamsuka. Alimwita Kinanda kwa sababu ya kicheko chake.

Shangazi alimkaribisha ndani. Hakuwasha taa.

"Hizi ni za kupangwa," Mpiga Picha alieleza, akifunua albamu ya kwanza mezani. "Watu wanasimama mstari, nahesabu, wote wananitazama. Hii nyingine ni ya mwanga na kivuli. Bibi harusi peke yake dirishani, nusu ya uso inaonekana. Na hizi ni za kuvizia. Mtu hajui kama anapigwa. Anacheka, anafuta machozi, namdaka vile vile alivyo."

Shangazi alizifunga albamu mbili, moja baada ya nyingine. Akabakiza ile ya kwanza.

"Za kupangwa tu."

"Lakini shangazi, mdogo wangu anapenda za kuvizia. Zina uhai."

"Ndiyo. Ndiyo maana nakataa."

Mle chumbani mlikuwa na harufu ya nguo iliyofungiwa sandukuni miaka mingi.

"Mtu akikutazama, yupo," shangazi alisema kwa sauti ya chini. "Analinda mahali pake. Akisahau kwamba anatazamwa, mahali pake pako wazi. Umenielewa, mwanangu?"

Hakuelewa. Aliitikia tu kwa kichwa, kama tunavyowaitikia wakubwa ili watuache twende zetu.

Siku ya pili, bustani ya ukumbi ilijaa watu. Shangazi alisimama kando ya kamera, akiwapanga wageni kama vyombo kabatini. Wewe huku, wewe kule, mtazameni mpiga picha, usipepese. Mjomba wa bibi harusi, mfupi mwenye mdomo mrefu, alilalamika.

"Msinipange na hawa twiga. Watu watauliza huyu mtoto ni wa nani!"

Wageni wakacheka. Mpiga Picha naye akacheka, kisha akainua kamera, na hapo ndipo alipoiona. Kati ya bwana harusi na bibi harusi palikuwa na nafasi. Upana wa mtu mmoja.

"Maharusi, sogeleaneni kidogo," alisema.

"Waache hapo hapo," shangazi akasema.

"Eti pamewekwa pa nani?" mjomba aliuliza. "Kuna mgeni amechelewa?"

Upande wa bibi harusi walicheka. Upande wa bwana harusi hakucheka mtu.

Walipoingia ukumbini, Kinanda alimvuta dada yake mkono.

"Dada, mbona albamu yangu itakuwa kama picha ya darasa la saba? Nivizie bwana."

"Shangazi yao amekataza."

"Kwani anayeolewa ni nani, mimi au shangazi? Mimi nasahau kabisa kama upo. Halafu unidake."

Mpiga Picha hakuwahi kumnyima kitu mdogo wake. Alijibanza nyuma ya pazia. Pale meza kuu, Kinanda alikuwa amemgeukia mpambe wake, anacheka kichwa kimeenda nyuma. Kiti kilichokuwa kati yake na mumewe kilikuwa kitupu.

Kacha.

Harufu ya nguo ya sandukuni ikampiga puani. Akatazama kioo cha kamera.

Kile kiti hakikuwa kitupu.

Alikaa mwanamke mwenye gauni la harusi, mgongo kwa kamera. Gauni lilikuwa jeupe zamani. Sasa lilikuwa na rangi ya meno ya mzee.

Mpiga Picha akainua macho. Kiti... kitupu. Akafuta lenzi kwa pindo la blauzi. Labda ni mwako wa taa. Labda ni picha mbili zimepandana. Fundi akitilia shaka picha hufanya nini? Hupiga nyingine.

Kacha.

Sasa mwanamke amegeuka ubavu. Na Kinanda, ambaye lenzi ilimlenga yeye, ametoka na ukungu. Wengine wote wako wazi, hata vijiko mezani.

Alijua alipaswa kuacha. Lakini ilibidi ajue.

Kacha.

Mwanamke alikuwa na mdomo wa Kinanda. Kinanda mwenyewe hakuwa na mdomo. Mgongo wa kiti ulionekana kupitia kifuani mwake.

Kule meza kuu, kicheko kilikatika.

Kilikatika kama uzi.

Alimkuta shangazi mlangoni, akamwonyesha kamera. Yule mama alifumba macho.

"Nilikwambia, mwanangu. Nilikwambia..."

"Huyu ni nani?"

"Hatujui alianza nani. Katika ukoo wetu daima kuna mmoja anayesubiri zamu. Akiingia yeye, mwingine hutoka. Huyu unayemwona alikuwa bibi harusi, kama wako. Alikuwa na dada, kama wewe. Kwa hiyo tunamwachia nafasi asimame, na tunahakikisha kila mtu anatazama kamera. Basi, anatulia."

"Nazifuta! Nazifuta sasa hivi!"

Shangazi alimkamata kiganja. "Ukizifuta, utamfuta yupi? Aliyebaki humo ndani ni mdogo wako. Mwite. Akikutazama kwa hiari yake kabla hajavuka mlango huu, mahali patarudi kuwa pake."

Mpiga Picha alikimbia. Aligonga meza, akamwaga soda ya mtu, hakuomba radhi.

"Kinanda! Nitazame!"

Bibi harusi aligeuza uso ukutani.

"Mdogo wangu, mimi hapa! Dada yako! Nitazame mara moja tu!"

Bibi harusi alitazama dari. Alitazama sakafu. Alitazama kila mahali isipokuwa kwenye lenzi. Wageni wakaanza kupiga makofi, wakidhani ni uchungu wa kumtoa mwali.

"Dada wa watu analia huku anapiga kazi!" mjomba alisema, naye akijifuta macho. "Huo ndio ufundi!"

Maharusi waliinuka. Wakavuka mlango, bibi harusi hajamtazama. Aliwafuata hadi nje, kamera usoni, akirudi nyuma, akijikwaa, akisihi. Alimwita kwa jina alilopewa na mama yao. Alimwimbia ule wimbo aliokuwa akimlaza nao utotoni. Gari lilikuwa limefunguliwa mlango.

Bibi harusi aliweka mguu ndani. Kisha akasita. Akageuka. Sasa, mlango wa ukumbi ukiwa nyuma yake, akamtazama sawasawa.

"Asante, mpiga picha," alisema kwa upole. "Umetupiga vizuri."

Mlango ukafungwa.

Harufu ya sanduku ikabaki hewani.

Kidole chake kilibonyeza chenyewe, kwa mazoea ya miaka. Kacha. Kwenye kioo, wageni wote walikuwa wameipa kamera mgongo, wanalipungia gari. Mmoja tu ndiye aliyegeuka. Kinanda, pekupeku, ndani ya gauni lake mwenyewe, anaitazama kamera, mdomo wazi kama mtu anayeita kutoka mbali.

Mpiga Picha aliiachia kamera ining'inie shingoni, akakimbilia pale, mikono imetanuka. Watu walimpisha. Alikumbatia upepo.

Siku hizi hapigi picha za kupangwa kabisa. Ukitaka hizo, atakuelekeza kwa wenzake. Anapiga za kuvizia tu, na wateja wanamsifu kwamba ana jicho. Hawaulizi kwa nini baada ya kila picha anatazama kioo mpaka macho yamwie mekundu.

Kinanda yumo katika kila harusi anayopiga, hata za koo nyingine, kama aliyeifuata kamera. Mwanzo alionekana getini. Baadaye kando ya ukuta, halafu nyuma ya viti vya wageni. Anakonda. Gauni linaanza kugeuka rangi. Na kila harusi anasogea karibu zaidi na meza kuu.

Jumamosi iliyopita alikuwa amesimama nyuma ya bibi harusi, mkono juu ya kiti. Bibi harusi mwenyewe alikuwa binti mdogo tu, mcheshi, ana mwanya. Alikuwa anamnong'oneza kitu bibi yake aliyemlea, na bibi anamfinya shavu, wote wawili wanacheka. Walikuwa wamesahau kabisa kama wanatazamwa.

Mpiga Picha alikuwa ameshapiga mara mbili. Katika ile ya pili, yule binti alitoka na ukungu.

Alishusha kamera. Akaifunga lenzi kwa kiganja. Akalia kimya nyuma ya pazia, akamwomba msamaha yule bibi ambaye hata hakumwona.

Kisha akaiinua tena.

"Sogea," alinong'ona. "Sogea kidogo tu, mdogo wangu..."