Mizunguko Sabini kwa Dakika

Haya yalimpata rafiki yangu, fundi umeme wa magari, mtu mbishi kupindukia. Mama mmoja alimletea gari akilalamika, “Mwanangu, nikilizima nahisi halijazimika.”

“Mama, gari si mtu,” akacheka.

Alishusha mlango wa gereji kuzuia kelele za barabarani, akaunganisha kompyuta, akawasha injini na kurekodi: mizunguko mia nane kwa dakika, joto nyuzi tisini. Safi kabisa. Akazima, akachomoa betri ya gari kama ilivyo kawaida yake, akarudi garini kuhifadhi rekodi.

Milango ikajifunga, ka! Taa za gereji nazo zikazimika. Akavuta vitasa, akapiga vioo kwa ngumi, wapi! Giza totoro, skrini tu ikimmulika usoni.

Rekodi ilikuwa bado inaendelea. Joto, thelathini na saba. Mizunguko, sabini.

Akasikia chini ya kiti: du-du, du-du, taratibu.

Akajishika shingoni, akahesabu. Moyo wake ulikuwa unakimbia mia na arobaini. Lakini ile sabini ilikuwa imetulia tuli, kama ya mtu aliyelala.

Akapiga kioo tena, kwa nguvu zake zote.

Ikawa themanini.